Toleo Jipya Halifuti la Zamani

Miongoni mwa wachezaji wa michezo ya kuigiza mezani imeshakuwa imani kwamba toleo la mwisho ndilo toleo bora. Mtu akisema kundi lake linacheza Dungeons & Dragons kwa kitabu cha mwaka 1981, ataulizwa anangoja nini kuhamia kwenye kipya. Ataelezwa kwa upole kwamba kanuni zile zilikuwa za majaribio, hesabu zake zilikuwa mbovu, wahusika walikufa ovyo, na kwamba waandishi waliofuata waliketi wakayasahihisha yote hayo. Anayebaki kwenye kitabu cha zamani, wanasema, amebaki kwa ajili ya kumbukumbu za utotoni.

Napinga kauli hiyo kuanzia mzizi. Kitabu cha 1981 si rasimu ya kitabu cha 2014, na cha 2014 si rasimu ya kile cha 2024. Ni michezo tofauti iliyopewa jina moja, na kila mmoja unamdai mchezaji kazi yake mezani. Anayesema mmoja umeurekebisha mwingine hajauliza swali la kwanza kabisa: kile kilichoondolewa kilikuwa na kazi gani?

Kwa ambaye hajawahi kuketi kwenye meza hizi, mambo huenda hivi. Wanakutana watu wanne au watano. Mmoja ni msimamizi, ndiye anayeijua ramani na viumbe waliomo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, karatasi moja yenye jina na namba kadhaa. Wanasema wanachofanya, msimamizi anaeleza kinachotokea, na pale ambapo hakuna mwenye uhakika wa matokeo, dadu hurushwa. Gary Gygax na Dave Arneson waliuchapisha mchezo wa kwanza wa aina hii mwaka 1974 huko Lake Geneva, Wisconsin: vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000 kwa kuanzia. Tangu hapo yamepita matoleo mengi. Kuna yale ya Basic ya 1977, 1981 na 1983, kuna Advanced iliyotoka kati ya 1977 na 1979, la pili la 1989, la tatu la 2000 na marekebisho yake ya 2003, la nne la 2008, la tano la 2014, kisha marekebisho ya 2024.

Nitasimama na kitabu cha Basic cha 1981 alichokiandika Tom Moldvay, kurasa 64 tu, kwa sababu ndicho kinachotupiwa lawama nyingi zaidi.

Lawama ya kwanza ni kwamba wahusika wake ni dhaifu na hawakui. Mpiganaji anayeanza anahitaji pointi 2,000 za uzoefu kufika ngazi ya pili, na goblini mmoja, kiumbe mdogo wa mapangoni, akiuawa huleta pointi 5. Piga hesabu: goblini 400, tena kama hana wa kugawana naye, maana pointi hugawiwa kundi zima. Ukiishia hapo utaona kweli mwandishi alikosea. Lakini geuza ukurasa. Kila sarafu ya dhahabu inayotolewa pangoni na kufikishwa salama huleta pointi moja. Hapo ndipo mchezo mzima unapofunguka. Vita havilipi, mali ndiyo inayolipa. Mpiganaji hupewa pointi za uhai kwa dadu moja ya pande nane, mchawi kwa dadu ya pande nne, na mchawi huyo ana uchawi mmoja tu kwa siku. Ukifika sifuri umekufa. Aliyejeruhiwa akapumzika siku nzima anarudishiwa pointi moja hadi tatu. Mwenye akili timamu hapigani katika hali hiyo isipokuwa amebanwa ukutani. Anavizia, anahonga, anadanganya, anasubiri walinzi wasinzie, anabeba sanduku na kutimua mbio.

Sasa chukua kitabu cha 2014. Ngazi ya pili inapatikana kwa pointi 300, goblini mmoja ni pointi 50, na dhahabu kwa kanuni za kawaida haileti pointi hata moja. Goblini sita kwa kila mchezaji, kazi imekwisha. Mhusika akiishiwa uhai haondoki duniani moja kwa moja. Anarusha dadu za kunusurika, na mpaka ashindwe mara tatu kabla ya kufaulu mara tatu bado yupo. Akilala usiku mmoja anaamka na uhai wake wote. Kila kitu hapa kimepangwa ili mhusika apigane, asimame tena, apigane kesho. Ni mchezo wa mashujaa, na umeundwa vizuri. Anayeupenda ana haki yake.

Asichokuwa na haki nacho ni kudai kwamba udhaifu ule wa 1981 ulikuwa kasoro. Udhaifu ndio uliomlazimisha mchezaji kutumia akili. Ukimpa mhusika yule uhai wa kutosha kushinda kila pambano na ukahamishia malipo kwenye mizoga, hujarekebisha chochote; umeubadilisha mchezo wa ujanja kuwa mchezo wa vita. Useme hivyo basi, ili mnunuzi ajue anachukua nini.

Kuna jedwali dogo ndani ya kitabu hicho ambalo kwangu lina uzito kuliko sura nzima nzima za vitabu vipya. Kundi likikutana na viumbe ambao nia yao haijulikani, msimamizi hurusha dadu mbili za pande sita. Zikitoka 2, wanashambulia papo hapo. Kati ya 3 na 5 wana uadui na huenda wakashambulia. Kati ya 6 na 8 hawajaamua. Kati ya 9 na 11 hawashambulii. Wataondoka au watasikiliza wanachoambiwa. Zikitoka 12 ni urafiki wa wazi. Dadu mbili zina michanganyiko 36. Mmoja tu kati ya hiyo ni shambulio la hakika, tisa ni uadui wenye mashaka, na 26 iliyobaki ni kusitasita, maelewano au urafiki.

Tazama jedwali hilo linavyofanya kazi. Goblini sita wameketi kuzunguka moto, wageni wanatokea na mwenge mkononi. Dadu zinatoka 7. Hawajaamua. Meza inanyamaza, kisha anayemwigiza mwizi anauliza, "Wanakula nini?" Msimamizi hakuwa ameliwaza hilo. Anatazama ramani, anaona zimwi kubwa limeandikwa kwenye pango la juu, anajibu, "Mizizi ya kuchemsha. Inaonekana nyama hawajaionja siku nyingi." Mwizi anasema, "Nashusha mzigo wangu, natoa nyama kavu ya siku saba, naiweka chini, narudi nyuma hatua tatu. Mikono yangu wanaiona." Nusu saa baadaye kundi limeshajua kwamba zimwi la juu huwanyang'anya goblini chakula, limeshajua mlango wa nyuma ulipo, na lina watu sita wenye sababu ya kushangilia zimwi hilo likiibiwa. Hakuna aliyeipanga hadithi hiyo. Imetoka kwenye dadu mbili na swali moja zuri.

Najua jibu linalokuja hapa: msimamizi mahiri anaweza kufanya hivyo kwa toleo lolote. Ni kweli. Kitabu cha msimamizi cha 2014 kinazungumzia viumbe wenye urafiki, wasiojali na wenye uadui, na kanuni ya viumbe kuvunjika moyo na kukimbia imewekwa humo kama ya hiari. Lakini kuna umbali mkubwa kati ya jambo linaloruhusiwa na jambo linalotokea kila usiku. Mwaka 1981 kila kiumbe kilichapishwa kikiwa na namba ya ujasiri wake. Goblini ana 7. Mwenzao wa kwanza akianguka, dadu mbili zinarushwa, na zikizidi namba hiyo wanakimbia au kusalimu amri. Msimamizi mchanga wa miaka 12 aliyefuata kitabu neno kwa neno alipata viumbe wanaoogopa na wanaoongea, bila kuhitaji umahiri wowote. Kanuni ilimfundisha. Anayetegemea umahiri wa msimamizi kuziba pengo la kitabu asikisifu kitabu.

Mwanga nao una habari yake. Mwenge wa 1981 unawaka saa moja, na kila baada ya dakika 20 za ndani ya mchezo msimamizi hurusha dadu kuona kama kuna kiumbe kinachozurura kimewafikia. Ikitoka moja, kimefika. Viumbe hao wa njiani kwa kawaida hawana mali ya maana, kwa hiyo kukutana nao ni hatari isiyo na malipo. Kila mlango unaosita mbele yake unakugharimu. Katika matoleo mapya wahusika wa jamii nyingi wanaona gizani tangu kuzaliwa, na mchawi wa ngazi ya kwanza anaweza kuwasha mwanga mara nyingi apendavyo. Giza limeondolewa, na hofu ya giza imeondoka nalo.

Kuna mambo ambayo upande wa pili una haki nayo, na ninayakubali bila kusuasua. Katika vitabu vya kale deraya nzuri ilihesabiwa kwa namba ndogo, mtu akavaa chuma cha mwili mzima na kinga yake ikashuka kutoka 9 kwenda 3, na ili kujua kama upanga umempata ilibidi kufungua jedwali. Toleo la 2000 lilifuta hilo: namba kubwa ni nzuri, dadu moja ya pande 20, ongeza, linganisha. Ni rahisi zaidi, hakuna ubishi. Vilevile kitabu cha wachezaji cha Advanced cha 1978 kiliweka ukomo wa nguvu kwa wahusika wanawake kuwa chini ya ule wa wanaume. Hilo lilikuwa kosa, liliwafukuza watu mezani, na toleo la 1989 lilifanya vema kuliondoa. Lakini tazama: kitabu cha Moldvay cha 1981 hakikuwa na ukomo huo kabisa. Lilikuwa kosa la kitabu kimoja. Anayelitumia kuhukumu kila kilichochapwa kabla ya 2000 hajavisoma anavyovihukumu.

Na hesabu hizi rahisi haziendi na ushujaa wa kisasa kwa lazima. Mwaka 2023 Kelsey Dionne alichangisha zaidi ya dola milioni moja kwa ajili ya mchezo wake Shadowdark. Unatumia dadu moja ya pande 20 na kinga inayopanda, kama toleo jipya linavyotaka. Ila mwenge wake unawaka saa moja ya kweli, saa ya ukutani, huku watu wamekaa mezani wakiitazama. Hali ya kale ikiwa ndani ya hesabu mpya, na maelfu wakaitolea fedha. Walioinunua si wote wazee waliokuwa wakiukumbuka mwaka 1981. Wamo waliojua toleo la tano tu, wakatamani kitu ambacho toleo hilo haliwapi. Neno "kumbukumbu za utotoni" haliwagusi hata kidogo.

Wengine hukimbilia wingi wa wachezaji. Toleo la tano, wanasema, limechezwa na watu wengi kuliko matoleo yote yaliyotangulia, basi ndilo bora. Wingi huo una sababu zake. Kundi la waigizaji la Critical Role lilianza kurusha michezo yake mtandaoni mwaka 2015, na mamilioni ya watu wakaona kwa mara ya kwanza jinsi meza hizi zinavyokuwa. Mwaka 2016 ikaja tamthilia ya Stranger Things, na ulimwengu ukawapenda watoto wanne wanaocheza Dungeons & Dragons kwenye chumba cha chini ya nyumba. Hadithi ile inaanza Novemba 1983. Mchezo uliowavuta watazamaji wale ulikuwa mchezo wa zamani. Waliofika dukani walikuta unauzwa mpya.

Hapa tufike kwenye biashara, maana ndiyo inayoilisha imani hii. Kampuni inayouza kanuni ina shida moja kubwa: watu watano wakishanunua vitabu wanaweza kucheza miaka 20 bila kununua kingine. Wizards of the Coast iliinunua kampuni ya awali, TSR, mwaka 1997. Miaka miwili baadaye yenyewe ikanunuliwa na Hasbro. Toleo la tatu lilitoka 2000 na miaka mitatu tu baadaye likatolewa upya. Mwaka 2008 likaja la nne, tofauti kiasi kwamba vitabu vya miaka minane iliyotangulia havikuweza kutumika nalo. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na wauzaji wanalijua hilo kuliko sisi.

Lakini safari hii wachezaji wengi walikataa. Toleo la tatu lilikuwa limetolewa kwa leseni huria iliyomruhusu mtu yeyote kuchapisha kanuni zake, na kampuni ya Paizo ikaitumia kutoa Pathfinder mwaka 2009, ikiendeleza kanuni zilizokwisha kutangazwa kuwa zimepita. Leseni hiyohiyo ilikuwa imeshazaa OSRIC mwaka 2006, iliyofufua Advanced, na Labyrinth Lord mwaka 2007, iliyofufua kitabu cha 1981. Vitabu halisi vya zamani, vile vya kidijitali, kampuni yenyewe iliacha kuviuza Aprili 2009, na haikuvirudisha sokoni mpaka 2013. Kwa miaka karibu minne aliyetaka kununua kihalali nakala ya kidijitali ya kanuni za kale hakuwa na pa kuinunua. Kitu kinachokufa chenyewe kwa ubovu hakihitaji kuondolewa dukani.

Mifano ya karibuni inaogofya zaidi. Januari 2023 ilifichuka rasimu ya leseni mpya iliyokusudia kuifuta ile huria; kelele zikawa kubwa, na tarehe 27 ya mwezi huohuo kampuni ikarudi nyuma, ikaziweka kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons ambayo haiwezi kuifuta tena. Agosti 2024 ikatangaza kwamba kwenye mtandao wake wa D&D Beyond, ambako wachezaji hutunza karatasi za wahusika wao, uchawi na vifaa vya kichawi vya 2014 vingebadilishwa kuwa vya 2024. Watu walikuwa wamelipia vitabu vya 2014. Walikuwa katikati ya hadithi zilizochukua miaka. Malalamiko yakafurika, na baada ya siku chache uamuzi ukatenguliwa. Ulitenguliwa kwa sababu wachezaji walikataa kuambiwa kwamba walichonacho kimepitwa. Kama wote wangeamini kwamba kipya ndicho bora daima, nani angepaza sauti?

Watetezi wa upya hunikumbusha kwamba hata soka hubadilisha sheria. Ndiyo, mwaka 1992 kipa alizuiwa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake, na soka likapendeza. Lakini soka linahitaji sheria moja kwa sababu timu zisizojuana hukutana kushindana, na lazima zikubaliane kabla ya filimbi. Meza ya watu watano haishindani na meza nyingine yoyote. Hakuna mwamuzi kutoka nje, hakuna anayedhurika kwa jirani yake kucheza kwa kitabu cha 1981. Sababu pekee ya haki ya kuwataka watu wote wahame pamoja haipo hapa.

Wala si lazima toleo jipya liwe talaka. Call of Cthulhu ya Sandy Petersen ilitolewa na Chaosium mwaka 1981. Toleo lake la saba, la 2014, lilibadilisha mambo kadhaa, lakini ustadi wa mhusika bado unapimwa kwa asilimia kama ulivyopimwa mwanzoni, na hadithi ya nyumba yenye mzimu iliyokuwamo kwenye boksi la kwanza bado huchezwa leo na wanaojifunza, kwa marekebisho ya dakika chache. Wachapishaji wale waliuza kipya bila kukitukana cha kale. Inawezekana.

Nisieleweke vibaya: sisemi ya kale ni dhahabu. Wapo wanaodai kwamba mchezo wa kweli ulikoma mwaka fulani na waliofuata si wachezaji halisi. Hao nao wamepotoka, na kwa kosa lilelile, kwani wamechukua tarehe ya uchapaji wakaifanya kipimo cha ubora. Swali la kuuliza kuhusu toleo ni linakutaka ufanye nini usiku wa leo.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi jambo hili lina bei pia. Vitabu vitatu vikuu vya toleo jipya ni karibu dola 50 kila kimoja, kabla ya nauli ya mzigo, na kile cha wachezaji peke yake kina kurasa 384. Kanuni za msingi za toleo la tano zinapatikana bure, na ni vyema kuzisoma. Lakini pia kanuni za msingi za Old-School Essentials, ambamo Gavin Norman amezipanga upya kanuni za 1981 kwa unadhifu wa hali ya juu, zinapakuliwa bure na kwa halali. Chapisha zote mbili, waite rafiki zako wanne, chezeni pango lilelile kwa kanuni hizi wiki hii na kwa zile wiki ijayo. Mkishamaliza mtakuwa mmejionea wenyewe, na mtu akija kuwaambia kwamba moja imefuta nyingine, msimkubalie.